Kiwanja cha kustaafia Moshi na Arusha: uliza nani kazikwa pale kabla hujauliza bei

Wakuu salaam, na shikamooni mlionitangulia.

Kila baada ya wiki mbili tatu naona mtu humu anauliza: "Nina milioni kadhaa, nataka kanyumba ka kupumzikia upande wa Kilimanjaro au Arusha, ninunue wapi?" Majibu yanakuwa yale yale. Usa River pametulia, Njiro pamejaa, Machame hali ya hewa safi, Kisongo bado bei iko chini. Hakuna anayemwambia habari iliyonigharimu mimi miaka mitatu na ikamwachia mke wangu presha. Leo nimepata nafasi, nayaandika yote. Ni marefu, chukueni chai.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha jiografia sekondari Dar kwa miaka 33. Kwetu ni Njombe. Mke wangu kwao ni Mwika, na kila Desemba tulikuwa tunapanda basi na watoto kwenda kwa wakwe. Huko ndiko nilikoupenda mlima. Asubuhi mawingu hayajapanda unauona wote mweupe, jioni unakaa kibarazani na sweta, chini kule Moshi mjini watu wanatokwa jasho. Nikaapa kwamba nikistaafu nitaishi huku. Kihamba cha wakwe, yaani shamba la familia la migomba na kahawa, kilikuwa kimeshagawanywa kwa shemeji zangu, na sikutaka kuwa mkwe anayejibanza kwenye migomba ya watu. Nikaanza kutafuta changu.

Mwaka 2014 dalali akatupeleka kijiji kimoja cha ukanda wa migomba, jina nitalihifadhi. Nusu eka, kahawa za zamani, migomba, mfongo, ule mfereji wa asili wa maji, unapita juu kidogo, mlima uko mbele yako. Bei milioni 12. Muuzaji kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, ana barua ya babu yake ya kumgawia. Pembeni, chini ya migomba, kulikuwa na makaburi mawili yaliyojengewa kwa mawe. Mke wangu akauliza, "Haya ni ya nani?" Kijana akajibu, "Ni ya babu na bibi, tumeshakubaliana ukoo mzima, mtatuachia njia tu ya kuja kuzuru." Mke wangu akaninong'oneza tusubiri Desemba, ndugu wakija wote tuwasikie wenyewe. Dalali naye akawa anasema kuna mtu wa Dar anakuja keshokutwa na fedha taslimu. Nikamsikiliza dalali.

Tuliandikishana ofisi ya kijiji. Mtendaji akagonga mhuri, mashahidi wawili wakasaini, nikapiga picha na hati yangu ya mauziano. Nilijiona nimemaliza.

Niliporudi kusafisha mpaka, jirani wa upande wa chini, mzee wa miaka themanini hivi, akaniomba nifuatane naye. Wasiojua: Uchaggani mpaka hauwekewi nguzo, unapandwa sale, ule mmea wenye majani marefu ya kijani. Sale lina heshima yake, mtu akikukosea sana anakuja kukuomba msamaha nalo mkononi. Basi mzee akawa anapita sale moja baada ya jingine, anaweka kiganja kwenye shina, anasema "hili alipanda baba," "hili tulipanda wote na marehemu." Akafika la sita akasimama. Akalitikisa, likacheza. Udongo wa chini yake ulikuwa mwekundu mbichi, hauna hata jani lililoozea juu yake, wakati masale mengine yote yamezungukwa na majani makavu na kuvu. Akaniambia, "Mwalimu, hili limetembea." Lilikuwa limesogezwa hatua tatu ndani ya shamba lake ili nusu eka itimie.

Hapo ndipo ningesimama. Nikasema haya ni ya majirani, yatazungumzwa. Nikachimba msingi.

Desemba ile ndugu wakaja kula sikukuu kama kawaida ya Wachagga. Shangazi wa yule kijana, mama mtu mzima aliyekuwa akifanya biashara Dar, akafika pale akakuta mtaro wa msingi hatua nne kutoka kwenye kaburi la baba yake. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya lile rundo la mawe niliyoyaleta, akaegemeza mkono shavuni. Niliposogea kumwamkia akaniambia, "Baba, umeuziwa baba yangu."

Kumbe mirathi ya yule mzee haikufunguliwa hata siku moja. Watoto saba, wanne wako hai, hakuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Ile barua ya babu ilikuwa inamgawia mjukuu sehemu ya kulima tu, tena upande mwingine kabisa. Na halmashauri ya kijiji haikuwahi kukaa kikao kunipokea wala kuridhia mauziano, mhuri uligongwa mezani siku ile ile. Wakili niliyemfuata baada ya maji kumwagika aliniambia Mahakama ya Rufani ilishalisema tangu 1985: ardhi ya kijiji ikiuzwa bila idhini ya halmashauri ya kijiji, mauzo hayo hayasimami. Nilikuwa nimelipa milioni 12 kwa karatasi.

Hatukwenda kupigana baraza la ardhi. Wazee wa ukoo waliketi, mke wangu aliyejua lugha na desturi ndiye aliyezungumza. Nilirudishiwa milioni 7 kwa vipande, cha mwisho 2017. Tano zilikwenda.

Naendelea chini, nisije nikapoteza niliyoandika.

Mwanzisha uzi, sehemu ya pili

Sasa niseme lile ninalotaka kila anayetafuta kiwanja cha uzeeni alishike. Huku kaskazini hununui ardhi kwa mtu, unanunua kwa familia. Jina moja kwenye karatasi halikusaidii kama nyuma yake kuna mama, dada watatu na kitindamimba aliyeko Mwanza ambao hawajasikia. Na wewe mstaafu huna miaka kumi ya kuhangaika mabarazani. Kijana akitapeliwa anajipanga upya. Kwa kikokotoo hiki cha mafao, mkupuo wetu, zile fedha tunazolipwa kwa pamoja tukistaafu, hauruhusu kukosea mara mbili.

Kwa hiyo mara ya pili, 2018, nilifanya hivi. Nilikuta kiwanja upande wa Rau, pembeni ya mji wa Moshi, si mbali na hospitali ya KCMC. Kabla ya kuzungumza bei nikaomba kuwaona wenye mali wote. Marehemu baba yao alikuwa na mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi wa mirathi akanionyesha barua ya uteuzi, ile fomu namba nne. Nikaiangalia, nikaenda nayo mahakamani nikauliza kama ni ya kweli na kama kuna pingamizi. Msimamizi si mwenye mali, ni mtu aliyekabidhiwa kuigawa tu, kwa hiyo niliwataka warithi wote watie saini, pamoja na mama yao mjane. Mmoja wao aliyekuwa Mwanza alikuja. Nauli nilimlipia mimi, na ndiyo fedha iliyonipa usingizi kuliko zote nilizotoa.

Kama muuzaji ana mke, au ana mume, hakikisha naye yupo mezani na anasaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Usikubali kuambiwa "mke wangu anajua." Mwite.

Kiwanja kilikuwa kimepimwa, kwa hiyo tukafanya upekuzi ofisi ya ardhi kuona kama kina jina la mwingine, mkopo wa benki au zuio. Mpima akaja akatafuta bikoni, zile alama za mpaka, zote nne. Tatu zilikuwepo. Ya nne ilikuwa imefukiwa chini ya rundo la matofali ya jirani, tukaichimbua yeye mwenyewe akiwepo na mjumbe wa mtaa akiwepo. Hapo ndipo tukaandikishana kwa wakili na fedha zikapita benki, si mkononi.

Jambo moja kuhusu vipimo. Madalali wa huku wanauza kwa hatua: ishirini kwa thelathini, na eka wanaihesabu hatua sabini kwa sabini. Hatua ni ya mguu wa nani? Kabla ya Rau nilionyeshwa kiwanja Boma Ng'ombe, ishirini kwa thelathini. Nilivuta futikamba nikapata mita 17 kwa 26. Hesabu mwenyewe: mita za mraba 442, na wewe unalipia 600. Beba futikamba yako.

Mchangiaji

> Mzee pole sana. Mimi nipo Arusha na naona watu wanakimbilia Olmoti kwa sababu ya uwanja wa AFCON 2027. Vipi huko kwa kustaafia?

Mwanzisha uzi

Ahsante mkuu. Kwa biashara sitakukataza, uwanja wa watu 30,000 unaleta lami, umeme na nyumba za kupangisha. Kwa kustaafia jiulize kama unataka kuzeeka ukisikiliza mechi. Nina rafiki aliyenunua kule tangu pakiwa shamba la mahindi, amefurahi kwa bei, lakini yeye mwenyewe anahamia Ngaramtoni.

Arusha nitakachokusihi ni maji na korongo. Bei waachie madalali.

Maji kwanza. Ukanda wote wa chini ya Mlima Meru, kuanzia Maji ya Chai, Kikatiti hadi Ngare Nanyuki kwa nyuma, maji yana madini ya floridi mengi kwa sababu ya miamba ya volkano. Ukienda shule yoyote ya maeneo hayo watoto wakicheka utaona meno ya kahawia, na walioyanywa maji hayo tangu utotoni kwa wingi mno wapo waliopinda miguu. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya kule vinapita hapo mara kadhaa. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floridi inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja. Nenda kaulize. Ukionyeshwa kiwanja chenye kisima, chota lita moja, ipeleke maabara ya maji kabla hujatoa hata kishika uchumba. Mjini mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520 umebadilisha mengi, ila uliza majirani bomba linatoka siku ngapi kwa wiki, usimwulize muuzaji.

Kama eneo umelipenda na maji ni mabaya, jenga paa lako kwa hesabu ya mvua. Paa la mita za mraba 150 linakupa lita 150 kwa kila milimita moja inayonyesha. Mvua moja nzuri ya Aprili ya milimita 40 ni lita 6,000. Weka mabomba ya paa na matangi ya kutosha, maji ya kunywa na kupikia yatoke huko.

Moshi kwa hili tumebahatika. Mji unakunywa maji ya chemchemi, Nsere na Shiri, na ni sababu kubwa ya mimi kubaki upande huu. Anayetaka kuchimba kisima chake ajue kuna kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi zao ziko hapa hapa Moshi.

Halafu korongo. Kiwanja cha bei chee Muriet, Sinoni, Moshono, mara nyingi kimepakana na korongo. Mwezi wa Septemba ni mchanga mkavu, watoto wanachezea mpira. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo kata ya Sinoni, na watoto wakafariki. Mungu awarehemu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukiambiwa "hili si mto, ni mkondo tu wa mvua," nenda ukaangalie takataka zilizonasa kwenye matawi ya miti ya pembeni. Urefu wa zile takataka ndio urefu wa maji.

Mchangiaji

> Shikamoo mwalimu. Mimi dada wa Rombo. Naomba niongeze kwamba hao mashangazi mnaowaogopa ni warithi halali. Wanaume wengi wanauza kihamba wakisema "wanawake wameolewa, hawana sehemu." Mahakama Kuu Mwanza 1990 kwenye shauri la ardhi ya ukoo ya Wahaya ilisema mwanamke ana haki sawa na mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya 1999 imeandika hivyo hivyo. Mnunuzi ukisikia kauli ile, jua kuna kesi inakuja.

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Umesema vizuri kuliko mimi, na ni kweli tupu. Tena kesi yenyewe inaweza kukawia. Muda wa kudai ardhi kisheria ni miaka 12. Unaweza kupaka rangi, kuweka marumaru, kuzoea majirani, ndipo binti aliyekuwa Marekani akarudi na hoja zake.

Mchangiaji

> Mkuu, mume wangu ni Mjerumani, tunataka kuhamia Usa River akistaafu. Tunaweza kuandika hati kwa majina yetu wote wawili?

Mwanzisha uzi

Hapana, dada yangu. Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 haimruhusu mgeni kama mumeo kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na nyumba ya kupumzikia si uwekezaji. Hata kampuni ambayo wanahisa wengi ni wageni inahesabiwa ni mgeni. Wewe uliye raia unaandika kwa jina lako, kisha mnakaa na wakili kuweka sawa haki za mwenzako na wosia. Ninachokuombea usifanye ni kumtumia ndugu "ashike jina." Nimeona hapo hapo Usa River nyumba nzuri imebaki na vumbi, mwenye fedha yuko Ulaya, mwenye jina kafariki, watoto wake hawajui habari ya makubaliano yoyote.

Na kama wewe mwenyewe ulishachukua uraia wa kule, mweleze wakili hilo kabla ya yote, maana ukiwa mtu mzima kuchukua uraia wa nchi nyingine kunakuondolea wa Tanzania, na mambo yote yanabadilika.

Mchangiaji

> Mzee, mimi nina miaka 52, bado natamani huko juu kwenye migomba. Nisiende kabisa?

Mwanzisha uzi

Nenda, lakini nenda Aprili. Usiende Januari wala Agosti. Wiki ya tatu ya Aprili, masika yamekolea, panga chumba pale kijijini siku nne na mkeo. Vaa gambuti. Tembea usiku kutoka barabara kubwa hadi kwenye hicho kiwanja, ukiwa umebeba kitu. Njia nyingi za vihambani ni upana wa mtu aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe. Kwenye kile kiwanja changu cha kwanza lori la mchanga lilimwaga barabarani, na kila ndoo ilipandishwa kichwani kwa malipo. Wakati ule nilikuwa na miaka 51, magoti yanafanya kazi. Sasa nawaza ningekuwa naugua usiku, gari la wagonjwa lingenifikia vipi? Kama njia inapita kwenye kihamba cha mwingine, iandikwe kwenye makubaliano, naye asaini na familia yake.

Waulize pia habari ya mfongo. Ile mifereji ya wazee ina zamu ya maji na ina siku za kazi ya kuzibua. Mgeni anayeingia na kufungulia maji bila kujua zamu anajijengea uadui mwaka wa kwanza. Mimi ningependa sana kuwa sehemu ya kazi ile, na anayeenda juu aende na moyo huo, kwa sababu jirani ndiye atakayekuamkia asubuhi akiona mlango haujafunguliwa.

Kisha uonane na halmashauri ya kijiji, uombe kikao kikae, upewe nakala ya muhtasari wenye saini za wajumbe. Mhuri wa mezani usiupokee. Ukishanunua fuatilia Hati ya Haki Miliki ya Kimila.

Kuna aliyeniuliza pembeni kama yule shangazi bado yupo na kama tunasalimiana. Yupo, alirudi kuishi pale pale kwa baba yake. Desemba tukipanda Mwika tunapita kumwamkia, mke wangu anambebea sukari. Mtaro wangu wa msingi hakuufukia na udongo, aliujaza samadi akapanda migomba ya mshare. Imekua mikubwa sana. Ukisimama kwenye makaburi unaiona imejipanga mistari minyoofu, vyumba vitatu na sebule, mlango unaangalia mlima.